Ngoma za majirani wa Ngara zilivyosafiri katika albamu za roki

WAPENZI wa roki ya progresivu wana desturi inayowatofautisha na wasikilizaji wengine. Wanapokutana hawaulizani ni wimbo gani unaovuma, bali ni albamu gani mtu ameisikiliza siku za karibuni, tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja hutaja zake, hueleza zilitolewa mwaka gani, nani alipiga kinanda na nani alipiga ngoma, kisha mabishano huanza.

Hata hivyo, ni wachache miongoni mwao wanaofahamu kwamba mojawapo ya midundo iliyotumiwa sana na wanamuziki wa roki kuanzia mwaka 1971 ilitoka katika vilima vya Burundi, nchi inayopakana na Wilaya ya Ngara mkoani Kagera. Na aliyekuwa akibadilishana albamu hizo na wenzake angeweza kutaja kila mpiga gitaa, lakini si watu waliozipiga ngoma zile.

Makala haya yanaeleza safari ya ngoma hizo, na somo lake kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo ambao muziki wao wenyewe unaweza kusafiri kwa njia hiyo hiyo.

Albamu inayosikilizwa nzima

Roki ya progresivu ilianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokulia katika roki ya kawaida walianza kuchanganya ndani yake muziki wa okestra, jazi na ngano za kale. Msingi wao ulikuwa santuri kubwa, iliyoingia sokoni mwaka 1948 na ambayo kila upande wake uliweza kubeba muziki wa dakika 20 hivi. Waliotangulia walijaza santuri hiyo kwa nyimbo fupi fupi; hawa waliamua kuitumia yote kama kazi moja.

Bendi ya King Crimson ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1969. Mwaka 1972 bendi ya Yes ilitoa albamu ambayo upande wake wa kwanza una wimbo mmoja tu, na Jethro Tull wakatoa nyingine ambayo wimbo wake mmoja unajaza pande zote mbili. Mwaka uliofuata Pink Floyd walitoa albamu ya “The Dark Side of the Moon”, ambayo nyimbo zake zimeunganishwa kiasi kwamba kuzitenganisha ni kuziharibu.

Muziki wa namna hiyo haufai kuonjwa. Ndiyo maana wapenzi wake huazimana santuri, na baada ya kampuni ya Philips kuleta kaseti mwaka 1963 wakawa pia wanarekodiana. Sehemu muhimu ya starehe hiyo ni jalada, ambalo msikilizaji hulisoma huku santuri ikizunguka. Hapo ndipo yalipo majina ya wanamuziki, ala walizopiga, studio na mwaka. Aliyetajwa katika jalada hukumbukwa, na asiyetajwa husahaulika.

Nyimbo ndefu si jambo geni Kagera

Msikilizaji wa Kagera hana sababu ya kushangazwa na wimbo wa dakika 20. Miongoni mwa Wahaya, mwimbaji wa enanga, ala ya ubao uliochimbwa na kutandazwa nyuzi, husimulia habari za wafalme na mashujaa kwa muda mrefu kuliko santuri yoyote inavyoweza kubeba. Mtaalamu wa fasihi, Mugyabuso Mulokozi, aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu tendi hizo.

Ala hiyo hiyo hujulikana Rwanda na Burundi kwa jina la inanga. Nchini Burundi kuna mtindo wa pekee ambao mwimbaji hunong’ona badala ya kupaza sauti, ili mnong’ono na nyuzi visikike kama kitu kimoja.

Ngara iko katikati ya mapokeo hayo. Eneo la Bugufi lilibaki Tanganyika baada ya Waingereza na Wabelgiji kugawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, kufuatia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kihangaza kinachozungumzwa huko kiko karibu mno na Kirundi, hata watu wa pande mbili za mpaka huelewana bila mkalimani. Biharamulo, iliyo mashariki mwa Ngara, ni makazi ya Wasubi, Wazinza, Wasukuma na wengine, na kwa muda mrefu imekuwa njia panda ya mapokeo ya Ziwa Victoria na yale ya nchi za magharibi.

Ngoma iliyokuwa ufalme

Katika Kirundi neno “ingoma” lina maana mbili: ngoma na ufalme. Ngoma kuu iliyoitwa Karyenda ilikuwa alama ya mamlaka ya mwami, na upigaji wa ngoma za kifalme ulikuwa kazi ya koo maalumu zilizorithishana kutoka baba hadi mwana.

Ngoma hizo huchongwa kutokana na gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, yaani mti unaozungumzisha ngoma, na huwambwa ngozi ya ng’ombe. Wapigaji husimama katika nusu duara. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo huongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata maelekezo ya inkiranya. Wapigaji hupokezana ngoma ya katikati, na kila anayeishika hucheza na kuruka huku akipiga.

Novemba 1966 ufalme ulifutwa nchini Burundi na jamhuri ikatangazwa. Mwaka uliofuata, 1967, Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hiyo, na rekodi zake zikatolewa na kampuni ya Ocora ya Ufaransa. Ngoma zilizokuwa za mfalme ziliingia katika santuri wakati ambapo hapakuwa tena na mfalme wa kuzimiliki.

Kutoka Burundi hadi London

Mwaka 1971 ilitoka santuri iliyoitwa “Burundi Black”. Ngoma zilizosikika humo zilikuwa za rekodi ile ya Ocora. Mwanamuziki wa Ufaransa aliyejiita Mike Steïphenson aliziongezea piano na gitaa. Lebo ya santuri ilibeba jina la nchi na jina la Mfaransa huyo.

Mwaka 1975 mwimbaji wa Canada, Joni Mitchell, alizitumia ngoma hizo hizo katika wimbo “The Jungle Line”, akiziwekea juu yake sauti ya sintesaiza ya Moog, ala iliyopendwa mno na bendi za progresivu. Wimbo huo hutajwa mara nyingi miongoni mwa mifano ya mapema ya kukata kipande cha rekodi ya mtu mwingine na kukirudia rudia ili kujenga wimbo mpya, jambo ambalo leo hufanywa na kila studio.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdundo huo ulienea katika vilabu vya London. “Burundi Black” ilitolewa upya mwaka 1981, na bendi kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilijipatia umaarufu kwa upigaji uliotokana nao.

Genesis na deni la tamasha

Hatua iliyofuata ndiyo iliyowaunganisha moja kwa moja wapigaji ngoma wa Burundi na roki ya progresivu. Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis hadi mwaka 1975, alishirikiana na wenzake kuanzisha tamasha la WOMAD kwa lengo la kuwaweka wanamuziki wa mataifa yote katika jukwaa moja. Tamasha la kwanza lilifanyika Julai 1982 katika mji wa Shepton Mallet, Uingereza, na wapigaji ngoma wa Burundi walikuwa miongoni mwa waalikwa.

Kwa mara ya kwanza, wengi waliokuwa wakizifahamu ngoma hizo katika santuri tu waliwaona wenye ngoma wakiingia wamezibeba vichwani na kuendelea kupiga.

Kifedha tamasha lilikuwa hasara na waandaaji waliachwa na madeni makubwa. Ili kuwanusuru, Genesis walikubali kuungana tena na Gabriel kwa onyesho moja, lililofanyika Oktoba 2, 1982 huko Milton Keynes. Wapenzi wa bendi hiyo hulikumbuka onyesho hilo hadi leo, ingawa si wote wanaokumbuka kwamba fedha zake zilikwenda kulipia tamasha lililowaleta Warundi Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapigaji hao walipata albamu yao wenyewe chini ya Real World, kampuni iliyoanzishwa na Gabriel.

Mwaka 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza uchezaji wa ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Oktoba 2017 Serikali ya Burundi nayo ilitoa amri iliyoweka masharti ya maonyesho ya ngoma hizo, ikiwemo kuomba kibali na kulipa ada, na ikapiga marufuku wanawake kuzipiga. Mfalme hayupo, lakini swali la nani mwenye ngoma halijaisha.

Usikilizaji wa Ngara na Biharamulo

Wakati albamu hizo zikizunguka Ulaya, wakazi wa Ngara na Biharamulo walikuwa na namna yao ya kushirikishana muziki. Redio moja ilisikilizwa na nyumba nyingi, na Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyoamua kijiji kisikilize nini. Baadaye zilikuja kaseti, zilizoazimwa na kurekodiwa tena hadi sauti ikafifia. Madereva wa malori na mabasi waliopita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Rusumo walikuwa wasambazaji wazuri kuliko duka lolote.

Aprili 1994 watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban siku moja na kuingia Ngara, wakimfuata jirani wa Burundi aliyekwisha kutangulia baada ya machafuko ya Oktoba 1993. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara ili kuwahudumia wakimbizi na wenyeji. Mtu aliyekuwa kambini na mwenyeji aliyekuwa shambani waliweza kusikiliza kituo kimoja.

Katika zama hizo redio nyingi nchini zilikuwa na vipindi vya salamu. Msikilizaji alituma kadi, na mtangazaji alisoma jina lake, kijiji chake na orodha ya anaowasalimu, ndipo wimbo ukapigwa. Wapo waliodhani kwamba vipindi hivyo vilipoteza muda kwa kusoma majina. Kwa hakika majina ndiyo yaliyokuwa kiini chake, kwa sababu msikilizaji alijua kwamba jina likisomwa hewani mwenye jina yupo.

Tanzania nayo ina mfano wake katika roki. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki na midundo ya Kiafrika, ilitoa albamu ya “Ave Africa” mwaka 1976. Ilipofika mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza iliitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine za tangu mwaka 1973. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa majina ya bendi na ya wanamuziki wake yalikuwa yamehifadhiwa.

Mwaka huo huo wa 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa “Salome”, uliotokana na wimbo wa Saida Karoli wa Kagera uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hakuna aliyehitaji kuuliza ulikotoka, kwani jina la Saida Karoli lilikuwa limekwisha kuandikwa katika majalada ya kaseti na katika kumbukumbu za watu.

Jina kwenye jalada

Tofauti kati ya Saida Karoli na wapigaji wa mwaka 1967 haiko katika ubora wa muziki. Iko katika jina. Leo kijana wa Kabanga au Nyakahura anaweza kumrekodi babu anayepiga inanga kwa simu ya mkononi na kumtumia mwenzake aliye Mwanza au Nairobi kwa dakika moja. Kipande hicho kikipita mikono mitatu, kinabaki sauti tupu isiyo na mwenyewe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda waandishi na wasanii wanaotambulika, na imetenga sehemu yake kwa ajili ya sanaa za jadi. Hata hivyo, sheria haiwezi kumtetea mtu ambaye hakuna maandishi yanayoonyesha kwamba aliwahi kupiga.

Kwa hiyo anayerekodi afanye mambo machache yasiyo na gharama: ataje mwanzoni mwa rekodi jina la mpigaji, kijiji, ala na tarehe, aombe ridhaa yake, asikate wimbo mrefu vipande vipande, na atunze nakala moja nzima. Wapenzi wa roki ya progresivu wamefanya hivyo kwa zaidi ya nusu karne kwa muziki wa wageni wasiowahi kukutana nao. Mzee anayepiga inanga Ngara au Biharamulo anastahili kufanyiwa hivyo na wajukuu wake.