Asili ya Mia: Historia ya Asilimia katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Katika hisabati ya shule za msingi za Tanzania, namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi na ile ya chini huitwa asili, na neno asilimia, ambalo huwatisha wanafunzi wengi, halisemi zaidi ya hapo: ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Mwalimu anayeanza na maana hiyo amekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo ngumu, nayo ni kutambua kitu kizima ambamo asilimia hiyo imetolewa. Katika ukanda unaotoka Shinyanga, ukapita Kahama hadi Geita, nusu hizo mbili zilifika kwa njia mbalimbali: asili ya mia ililetwa na fedha, na swali la "asilimia ya nini" likaletwa na madini.

Kuhesabu kwa makumi hakukuwa kugeni kwa Wasukuma wa ukanda huu, ambao mia huiita igana. Kilichokuwa kigeni ni sarafu. Rupia ya utawala wa Kijerumani iligawanywa katika pesa 64 hadi mwaka 1904, na asilimia 5 ya rupia hiyo ilikuwa pesa tatu na kitu, hesabu isiyolipika kwa sarafu yoyote iliyokuwapo. Mageuzi ya mwaka huo yaliigawa rupia katika heller 100, na mwaka 1921, chini ya Waingereza, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, ingawa Uingereza yenyewe iliendelea na shilingi ya peni 12 hadi 1971. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa pamba Usukumani aliushika mkononi mfano ambao mwenzake wa London hakuwa nao: asilimia moja ya shilingi ilikuwa senti moja, basi. Mfano huo haupo tena. Shilingi ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1966, bado ina senti 100 kwa jina, lakini kupanda kwa bei kumezifuta sokoni, na mwalimu wa leo anayesema "senti" anazungumzia kitu ambacho wanafunzi wake hawajapata kukiona.

Machimboni mia haikuwa sarafu bali mawe. Wachimbaji wadogo wa ukanda huu hugawana mawe yenye dhahabu yakiwa ndani ya mifuko, kabla hayajasagwa kwenye karasha, na mgawo, ambao hutofautiana kati ya eneo na eneo, mara nyingi humpa mwenye leseni asilimia 30, mwenye duara, yaani anayegharimia shimo, asilimia 40, na wachimbaji waliobaki asilimia 30. Mifuko 60 ikitolewa, mwenye leseni huchukua 18, mwenye duara 24, na wachimbaji 18 ambayo watagawana tena wao kwa wao. Hakuna anayehitaji ubao kwa hesabu hiyo, kwa kuwa katika kila mifuko kumi mitatu huenda huku, minne kule na mitatu pale. Ubishi, ukizuka, hauhusu kuzidisha. Unahusu kama gharama za chakula na pampu zitolewe kabla ya kugawa au baada yake, yaani kizima ni kipi.

Ubishi huohuo umeandikwa katika sheria za nchi. Mrabaha, ambao ni malipo ya mchimbaji kwa serikali kwa ajili ya madini yaliyotolewa ardhini, ulikuwa asilimia 3 kwa dhahabu chini ya Sheria ya Madini ya 1998, tena ulikokotolewa baada ya kuondoa gharama kama za usafirishaji na uyeyushaji. Sheria ya 2010 iliupandisha hadi asilimia 4 na kuuhesabu juu ya thamani ghafi, badiliko la pili likiwa zito kuliko linavyoonekana kwa anayetazama tarakimu peke yake. Mwaka 2017, wakati wa mgogoro wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, mrabaha ukawa asilimia 6, na serikali ikajipatia haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa.

Soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, muuzaji wa dhahabu yenye thamani ya shilingi 1,000,000 alikatwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3. Makato haya ni zoezi zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni, kwani yana mitego miwili ya kweli. Mwanafunzi aliyekariri kanuni bila maana huisoma 0.3 kama sehemu tatu za kumi na kuandika ushuru wa shilingi 300,000 badala ya 3,000. Mwenzake aliye makini zaidi hukata asilimia 6 ya milioni na kubaki na 940,000, hukata asilimia 1 ya hizo, kisha asilimia 0.3 ya baki, na kufikia shilingi 927,808. Muuzaji sokoni wakati huo aliondoka na 927,000, kwa sababu makato yote matatu yalihesabiwa juu ya ile milioni ya kwanza.