Perito Moreno: Barafuto Ijengayo na Kubomoa

Wengi wetu tukisikia neno barafu hufikiri kitu kilichotulia. Sivyo ilivyo milimani. Theluji inayoanguka mwaka hata mwaka hushindiliwa kwa uzito wake ikawa barafu ngumu, nayo huteremka polepole bondeni mfano wa mto. Mto huo ndio uitwao barafuto.

Mojawapo iliyo mashuhuri ni Perito Moreno, katika jimbo la Santa Cruz, kusini mwa Argentina. Urefu wake ni kilomita 30 hivi, na uso wake, wenye upana wa kilomita 5, huishia katika Ziwa Argentino. Imepewa jina la mpelelezi Francisco Moreno, aliyefika kwenye ziwa hilo mwaka 1877. Neno "perito" kwa Kihispania maana yake ni mtaalamu.

Barafuto hii ina tabia ya ajabu. Husonga mbele mpaka ikagusa rasi iliyo mkabala nayo, ikaziba njia ya maji na kuutenga mkono wa ziwa uitwao Brazo Rico. Maji yaliyozuiliwa, kwa kukosa pa kutokea, hupanda mita nyingi. Hatimaye hupenya chini ya ukuta na kuchimba handaki. Handaki hupanuka, na paa lake huporomoka kwa kishindo kikuu.

Tukio hilo liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1917. Hapo zamani lilihesabiwa kuwa balaa, kwa sababu maji yalifunika malisho ya wafugaji. Mwaka 1939 ndege za kijeshi zilitumwa kuupiga ukuta mabomu, lakini haukuvunjika. Baadaye balaa likageuka tunu: mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1937 ilitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na wageni wakaja kwa maelfu. Hata hivyo barafu haiweki miadi na mtu. Baada ya mwaka 1988 watu walingoja miaka 16, na mwaka 2018 paa lilianguka usiku, watazamaji wasione.

Kwa miaka mingi Perito Moreno ilisifiwa kuwa haipungui, hali nyingine duniani zikiyeyuka. Sifa hiyo imekwisha: tangu mwaka 2020 hivi imekuwa ikirudi nyuma. Ikiacha kuigusa rasi, hapatakuwa na ukuta, wala kishindo. Kilichoshinda mabomu kinashindwa na joto.