Hatua ya Mwisho ya Safari: Gati, Stesheni na Kiwanja cha Ndege katika Historia ya Bukama na Kamina

Utangulizi

Historia ya uchukuzi aghalabu huandikwa kwa kuhesabu vituo vikubwa: meli imetia nanga, treni imefika stesheni, ndege imetua. Msafiri hahesabu hivyo. Kwake yeye safari haijakwisha mpaka mzigo umetuliwa mlangoni. Baina ya kituo na mlango huo pana hatua ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni fupi kuliko zote na ambayo vitabu huipita kimya. Makala haya yanaichunguza hatua hiyo katika eneo la Bukama na Kamina, mkoani Haut-Lomami. Hoja yake ni kwamba umbali baina ya kituo na mji haukutokana na jiografia peke yake. Uliamuliwa na waliojenga, kwa kuzingatia nani alitakiwa kufika na nani hakutakiwa.

Bukama: mahali reli ilipokutana na mto

Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1918 ilifika Bukama, kwenye ukingo wa Lualaba. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa ajili ya mji. Palichaguliwa kwa kuwa ndipo mto unapoanza kupitika kwa meli. Kutoka Bukama meli ziliweza kuteremka kwa zaidi ya kilomita 600, zikipita katika mabwawa na mafunjo ya bonde la Upemba, hadi Kongolo. Mbele ya hapo mto hubanwa na magenge na meli haziwezi kuendelea.

Ukubwa wa kazi iliyofanyika Bukama huonekana mtu anapoifuata safari ya mzigo mmoja. Mzigo uliotoka Elisabethville kwenda Matadi kwa njia ya mto ulishushwa kwenye treni na kupakiwa melini Bukama. Ulihamishiwa treni Kongolo, ukarudi melini Kindu, ukapanda treni Ponthierville, ukaingia meli nyingine Stanleyville, kisha ukarudi kwenye treni Léopoldville. Hizo ni hamisho sita. Njia ya mashariki ilikuwa na hamisho nne: Bukama, Kabalo, Albertville na Kigoma, kwani reli ya Kabalo hadi Albertville ilikuwa imekamilika mwaka 1915, na ile ya Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914.

Ramani za wakati ule huonyesha njia hizo kwa mstari mmoja usiokatika. Kwa hakika mstari huo ulikatika kila kituo, na kila ulipokatika uliungwa kwa mabega ya watu. Mita chache baina ya behewa na gati ndizo zilizohitaji mikono mingi kuliko mamia ya kilomita zilizotangulia. Wachukuzi hao ndio waliokuwa wakazi wa mji uliozaliwa pale. Hivyo basi, Bukama haikuwa mji uliopata stesheni, bali ilikuwa hatua ya mwisho iliyogeuka kuwa mji.

Jambo hili lina umuhimu wake katika historia ya lugha pia. Reli ilipanda kutoka kusini, kutoka migodi na kambi ambako lugha ya kazi katika miaka ya mwanzo ilikuwa imechanganyika na msamiati wa Afrika ya Kusini. Mto uliteremka kuelekea Kongolo, Kasongo na Kindu, nchi ambazo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuota mizizi tangu enzi za misafara ya Tippu Tip. Wenyeji wa Bukama walisema Kiluba. Penye gati palihitajika lugha ya kuamrishana, kupatana bei na kuulizana habari za njia, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Mtafiti anayetaka kueleza kuenea kwa Kiswahili cha Katanga hana budi kutazama sehemu kama hizi za kuhamishia mizigo, wala asitosheke na migodi.

Mwaka 1928 reli ya Bukama hadi Port-Francqui, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,100, ilifunguliwa mbele ya Mfalme Albert wa Ubelgiji. Daraja likavuka Lualaba, na treni ikaweza kupita Bukama bila kushusha mzigo. Kwa wenye shaba hilo lilikuwa faida dhahiri. Kwa mji uliokuwa ukiishi kwa kuhamisha mizigo, lilikuwa ni kupungukiwa na sababu ya kuwapo kwake.

Kamina: kiwanja kisichokuwa cha mji

Kamina, kwenye njia hiyohiyo ya reli, ilipata bahati ya namna nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili Ubelgiji ilijenga hapo kituo kikubwa cha kijeshi, na katika miaka ya 1950 marubani wake walifunzwa urushaji ndege pale. Kituo hakikuwekwa mjini. Kilijengwa mbali na makazi ya raia, kikiwa na nyumba na huduma zake. Msafiri aliyetua hapo alikuwa amefika Kamina kwa mujibu wa ramani, lakini hakuwa amefika mjini. Baina yake na mji palikuwa na lango, na lango lilikuwa na askari.

Kwa hiyo historia ya kiwanja hicho karibu yote ni ya watu waliokuja bila haja ya kufika mjini. Mkataba wa urafiki wa tarehe 29 Juni 1960 uliiachia Ubelgiji vituo vya Kamina na Kitona, lakini haukupata kuidhinishwa. Baada ya majeshi ya Ubelgiji kuingilia kati Julai mwaka huo, kituo kilikabidhiwa Umoja wa Mataifa. Mnamo Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji, wakisafirishwa kwa ndege za Marekani, walipita Kamina, na tarehe 24 wakashushwa Stanleyville. Dunia nzima ilisikia jina la Kamina, ilhali wakazi wa Kamina walizisikia ndege zikipita juu yao tu.

Luano: njia iliyogeuzwa mtego

Kwamba njia ya kutoka kiwanjani ni jambo la mamlaka huthibitika zaidi Lubumbashi. Tarehe 12 Julai 1960, siku moja baada ya Katanga kutangaza kujitenga, ndege iliyowachukua Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba ilinyimwa ruhusa ya kutua. Wakuu wa nchi walizuiwa kuingia katika mji wa nchi yao kwa kufungiwa kiwanja. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba alitua Luano, safari hii akiwa mfungwa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kiwanja hakiko mbali na mji, lakini hawakuufikia. Walipelekwa katika nyumba moja iliyokuwa karibu, na usiku uleule wakauawa porini. Aliyeishika njia ile fupi ndiye aliyeamua hatima yao.

Hitimisho

Tangu mwaka 2015 Haut-Lomami ni mkoa, na Kamina ni makao yake makuu. Mtu aendaye Bukama kwa ndege hana budi kutua kwingine, kisha kushika reli au barabara. Treni zimekuwa chache kuliko zamani, na barabara huwa ngumu wakati wa masika. Hatua ya mwisho inakamilishwa kwa baiskeli, pikipiki za abiria, mitumbwi na miguu, yaani kwa nguvu za wananchi wenyewe, kama ilivyokuwa mwaka 1918.

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliochora reli, gati na viwanja waliuona mzigo wa hatua ya mwisho kuwa mwepesi kwa kuwa haukuwa juu ya mabega yao. Historia ya uchukuzi inayoishia stesheni hulirudia kosa hilohilo. Wapo bado wazee wa Bukama wanaokumbuka kazi za gatini na majina ya vifaa vyake, na kumbukumbu hizo hazimo katika majalada ya makampuni. Kuzikusanya kwa Kiswahili chao wenyewe, kabla hazijapotea, ni kazi inayozisubiri idara za historia na za isimu kwa pamoja.