Watafiti wafunzwavyo maadili katika mashamba ya chai ya Kericho

KABLA ya mtafiti wa tiba kutoa hata tone moja la damu ya mkazi wa Kericho au Bomet, hudaiwa cheti cha kuthibitisha kwamba amefunzwa maadili ya utafiti unaohusisha binadamu. Cheti hicho huambatanishwa na andiko la utafiti linapofikishwa mbele ya kamati ya maadili. Wapo wanaokiona kuwa karatasi tu. Hata hivyo, katika eneo la chai, yanayofunzwa huweza kuamua iwapo mtu atabaki na siri yake, na pengine kazi yake.

Taasisi ya Utafiti wa Matibabu nchini (KEMRI), iliyoundwa mwaka 1979, imeshirikiana kwa miaka mingi na watafiti wa Walter Reed, taasisi ya jeshi la Marekani. Mnamo 2003 ushirikiano huo ulianza kuwafuatilia wakazi wa mashamba ya chai ya Kericho ili kujua kasi ya maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Baadaye yakafuata majaribio ya chanjo.

Misingi ya mafunzo yenyewe ilitoka mbali: Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizotokana na kesi dhidi ya madaktari wa Kinazi, na Azimio la Helsinki la 1964, ambalo limerekebishwa mara kadhaa. Mfano usiokosekana darasani ni wa Tuskegee, Marekani, ambako kati ya 1932 na 1972 wanaume weusi waliougua kaswende waliachwa bila tiba ilhali penisilini ilikuwapo.

Funzo kuu ni ridhaa ya hiari, na hapo ndipo mashamba ya chai huwatatiza wanasayansi. Mchumaji wa majani chai huishi katika nyumba ya kampuni, hutibiwa katika zahanati ya kampuni, na mara nyingi wanawe husoma katika shule iliyo shambani humo. Anapoalikwa kushiriki utafiti papo hapo anapoishi, atajuaje kwamba akikataa hataandamwa na msimamizi wake? Kwa sababu hiyo haifai nyapara awe ndiye anayekusanya watu, wala orodha ya walioshiriki haipaswi kuifikia afisi ya mwajiri.

Suala la pesa nalo si jepesi. Anayelipwa kwa kilo za majani hupoteza ujira kila saa anayokaa kliniki. Asipofidiwa, maskini ndiye anayeumia. Akipewa donge nono, huenda akatia sahihi kwa ajili ya pesa huku akifumbia macho hatari.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa chanjo. Katikati ya miaka ya 2000, chanjo ya majaribio dhidi ya virusi vya Ukimwi ilijaribiwa Kericho, Kampala na Mbeya kwa watu 324 waliojitolea, na matokeo yakachapishwa 2010. Chanjo za aina hiyo hazimwambukizi mtu, lakini huweza kuufanya mwili utengeneze chembechembe za kinga zinazoonekana katika vipimo vya kawaida, hivi kwamba mtu mzima wa afya aonekane ana virusi. Sheria ya 2006 kuhusu Ukimwi inamkataza mwajiri kumlazimisha mtu kupimwa ili apewe kazi, lakini sheria haizuii minong'ono kijijini. Mshiriki asiyeelezwa jambo hilo mapema hajatoa ridhaa kamili, hata kama fomu imejaa sahihi.

Fomu hutafsiriwa kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, kikiwamo Kikipsigis. Hilo halitoshi. Mtafiti hufunzwa kumwomba mshiriki aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa: kwamba huenda akadungwa kitu kisicho na dawa yoyote, kwamba mgao hufanywa kwa bahati nasibu, na kwamba anaweza kujiondoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu.

Kasoro moja haijafichika. Cheti huweza kupatikana kwa saa chache kwenye intaneti, na mwenye kukipata mara nyingi ni mwanasayansi mkuu, ilhali anayeketi na mchumaji chai na kumsomea fomu ni muuguzi, mshauri nasaha au mhudumu wa nyanjani. Huyo naye sharti afunzwe, tena kwa mifano ya mahali anapofanyia kazi.

Mshiriki hupewa nakala ya fomu aende nayo nyumbani. Ndani yake huwamo nambari ya simu ya kamati ya maadili, mbali na ile ya mtafiti, ili mwenye malalamiko asilazimike kuyapeleka kwa yule yule anayemlalamikia.