Mwalimu wa Baba Mkwe Wake

Mwaka 1971 mama yangu alimfundisha baba mkwe wake kusoma, na kwa miezi yote ile hakumtazama usoni. Nilikuwa na miaka saba. Kazi yangu ilikuwa kubeba kopo la chaki hadi kwenye mwembe ulio nyuma ya ghala la pamba, kisha kukaa kando ya babu. Mama akitaka babu asome, alinigeukia mimi: "Mwambie babu yako asome neno la pili." Babu naye alimjibu kupitia kwangu: "Mwambie mama yako hilo ni mizani." Kulikuwa na hatua tatu tu kati yao na kila mmoja alimsikia mwenzake. Lakini heshima ya ukwe ina taratibu zake, na kisomo cha watu wazima kilipofika kwetu Ukerewe kilizikuta taratibu hizo zipo, kikalazimika kupita katikati yake.

Nimekumbuka haya kwa sababu nimestaafu. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na nilipokabidhi sare nilitaka mahali pa kujitolea hapa Mwanza. Mahali pa kwanza nilijaza fomu na kuambiwa nisubiri kuitwa. Mahali pa pili nilihesabu maboksi ya dawa kwa wiki tatu, na kila jioni karani alikuja kuyahesabu upya. Nilirudi nyumbani nimechoka kwa namna ambayo wodi haikuwahi kunichosha. Ndipo nikaanza kujiuliza mama aliwezaje, kwa miaka kumi na zaidi, kutoka kwenye darasa lile akiwa na nguvu kuliko alivyoingia.

Mwito wa kuwafundisha watu wazima ulianzia mbali na mwembe wetu. Tarehe 31 Desemba 1969 Mwalimu Nyerere alihutubia taifa na kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake alikwisha kuitoa miaka ya mwanzo ya uhuru: watoto walioko shuleni watachukua miaka mingi kabla ya kuinua uchumi wa nchi, kwa hiyo wazazi wao lazima wasome sasa. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwisho wa 1970 zikateuliwa wilaya sita ambazo zilitakiwa zifute ujinga huo katika mwaka mmoja: Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro, Dar es Salaam na yetu, Ukerewe.

Kanda ya Ziwa ilikuwa na mbegu tayari. Tangu 1968 UNESCO na serikali walikuwa wakiendesha mradi wa majaribio wenye makao Mwanza, uliokuja kujulikana kama kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake viliongea habari za kazi ambayo mtu ameiacha shambani au ufukweni saa moja iliyopita: pamba, ndizi, uvuvi, mifugo. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na akili kubwa ya mpango ule. Babu hakuja mwembeni kwa ajili ya taifa. Alikuja kwa ajili ya mizani.

Wakulima wa pamba wa kanda hii walikuwa na kidonda cha mizani tangu enzi za mkoloni. Mtu analima, anapalilia, anachuma, anabeba mzigo kichwani, halafu kilo zake zinasomwa na mnunuzi peke yake. Manung'uniko hayo yalikuwa sehemu ya moto uliowasha vyama vya ushirika miaka ya 1950, wakati Paul Bomani alipowaunganisha wakulima hadi likapatikana shirikisho lao mwaka 1955. Ushirika ulipokuja, mizani ikawa ya wakulima wenyewe, lakini babu bado alilazimika kumwamini anayeisoma. Alipopewa stakabadhi aliikunja mara nne na kuiweka kwenye kofia. Siku aliyotamka "mizani" bila kusaidiwa, alirudi nyumbani akazitoa stakabadhi zote alizotunza, akaniita nimshikie kandili. Tulikaa mpaka usiku wa manane akitafuta neno hilo katika kila karatasi.

Na walimu je? Wa shule za msingi hawakutosha. Kwa hiyo akaja balozi wa nyumba kumi. Alipita jioni, nyumba kwa nyumba, na swali lake lilikuwa moja: nani hapa anajua kusoma? Hakuuliza nani ana nafasi. Mama alikuwa amemaliza darasa la nane, ana watoto wanne na shamba, akaandikwa. Wengine walioandikwa naye walikuwa katekista, karani wa ghala na vijana waliomaliza darasa la saba. Walipewa semina fupi, ubao, chaki na vitabu. Posho ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, nayo mara nyingi ilichelewa.

Sisemi kwamba yote yalikuwa ya hiari. Zipo sehemu ambako viongozi waliwasukuma watu darasani kwa vitisho, na anayesukumwa hasomi, anahudhuria tu. Pale kwetu mama alikuwa na shida nyingine. Wavuvi wa dagaa walipotea kila giza la mwezi, kwa sababu ndiyo majira ya kwenda ziwani na taa za karabai. Mbalamwezi ikirudi, nao wanarudi, wamesahau nusu ya walichojifunza. Mama akaacha kulalamika. Akaligawa somo kufuata mwezi: mapya yanafundishwa wakati wa mbalamwezi, na gizani wanaobaki, wengi wao wanawake, wanarudia ya zamani na kujifunza hesabu. Halafu kulikuwa na macho. Wazee wengi hawakuwa wazito wa kuelewa, ila herufi zilikuwa ukungu mbele yao na miwani hakuna. Mama aliandika kwa herufi kubwa kama kiganja, maneno matatu tu yakaujaza ubao.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa nchi nzima, na wasiojua kusoma walionekana kushuka hadi asilimia 39. Kufikia 1986 serikali ilitaja asilimia 9.6. Wakati huo, hata hivyo, mwembe wetu ulikuwa umekwisha kunyamaza. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, mafuta ya taa yalipatikana kwa foleni, chaki hazikuletwa, posho ikakoma. Mama aliendelea kwa msimu mmoja zaidi akiandika kwa mkaa. Babu alikuwa amefariki, na stakabadhi zake tulizikuta zimepangwa kwa miaka, kila fungu limefungwa kwa uzi.

Nilipoyafikiri haya niliacha kuzunguka maofisini. Nilifanya alichofanya balozi, nikahesabu nyumba kumi kuanzia ya kwangu. Katika nyumba ya sita kuna kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, cha akina mama 22, na wanne kati yao huweka dole gumba kwenye daftari. Nilikuwa nikiwasalimia kila siku bila kulijua hilo. Wenyewe waliniambia kinachowauma: simu. Ujumbe wa fedha ukiingia, lazima wamwombe mtu awasomee, na wakitaka kutoa pesa wamtajie mtu huyo namba ya siri. Ni mizani ileile ya babu, sasa imeingia kwenye kiganja.

Kwa hiyo kila Alhamisi, sanduku la kikoba likishafungwa, tunabaki. Nimenunua miwani ya kusomea jozi mbili, wanapokezana. Hatukuanza na a, e, i, o, u. Tulianza na "umepokea", kisha "salio", kisha majina yao. Mkubwa wao ana miaka inayozidi sabini, ananiita mwanangu, nami namwamkia shikamoo kabla sijamsahihisha. Wiki iliyopita simu yake ililia katikati ya somo. Alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, ujumbe kutoka namba asiyoijua: i-le he-la tu-ma kwe-nye na-mba hi-i. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa pa kufutia ni wapi?"