Oksidi ya alumini: Kito Winza, kichujio cha floraidi kwingineko

Na Mwandishi Wetu

RUBI za Winza, wilayani Mpwapwa mkoani Dodoma, zilipotamba katika masoko ya vito duniani mwaka 2008, wanunuzi waligombea wekundu wake. Ukiondoa chembe chache za kromiamu zinazoleta rangi hiyo, rubi ni oksidi ya alumini tupu, yaani alumini iliyoungana na oksijeni.

Oksidi hiyohiyo, ikitengenezwa kwa namna ya punje nyeupe zenye vinyweleo, ni miongoni mwa vitu vinavyotumika duniani kuondoa floraidi katika maji ya kunywa. Kwa uwanda wa kati hilo si jambo dogo. Mvua ni haba, watu hutegemea visima, na katika maeneo kadhaa, hasa mkoani Singida, maji hupita kwenye miamba yenye madini ya floraidi na kuyayeyusha.

Floraidi ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika na viungo hukakamaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania katika miaka ya 1970 iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu ya uhaba wa vyanzo vingine, baadaye ikashuka hadi 4, na sasa kiwango chake ni 1.5.

Kwa nini basi punje zinasa floraidi na rubi isinase? Siri iko katika uso. Ndani ya oksidi, kila atomu ya alumini imezungukwa na oksijeni pande zote. Iliyoko usoni hukosa jirani upande mmoja, hivyo ndani ya maji huliziba pengo hilo kwa kushika kipande cha maji kiitwacho haidroksili. Floraidi inapopita, hukiondoa kipande hicho na kukaa mahali pake.

Rubi ina uso mdogo kwa sababu atomu zake zimeshikamana kwa kubanana. Punje hutengenezwa kwa kuchoma haidroksidi ya alumini kwenye joto la kadiri, nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi. Maji hutoka na kuacha matundu yasiyoonekana kwa macho. Gramu moja huweza kuwa na uso wa meta za mraba 200 au zaidi, kiasi kwamba gramu 40 hushinda eneo la uwanja wa mpira wa miguu. Lakini joto likipanda kupita nyuzi 1,100, matundu hufumbana na punje hugeuka kuwa jamii ya jiwe lile la Winza. Ni gumu, ila halifai kitu kwa maji.

Mapengo hayohayo ya usoni ndiyo yanayoifanya oksidi hii kuwa kichocheo viwandani. Mvuke wa ethanoli ukipitishwa juu yake katika joto la nyuzi mia tatu na zaidi, uso huunyang'anya maji na kutoa gesi ya ethilini, malighafi ya plastiki. Katika magari, huwa kitanda cha platinamu na paladiamu zinazosafisha moshi wa petroli.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Kichocheo huachia kilichokishika na kupokea kingine; kichujio hakiachii. Nafasi zikijaa, floraidi hupita kama kawaida, na mnywaji hawezi kujua kwa ladha wala kwa macho, ila kwa kupima. Punje zilizojaa huoshwa kwa kostiki soda, kisha tindikali kidogo, zikatumika tena. Kazi hiyo si ya kufanyia jikoni. Tena hufanya kazi vizuri zaidi katika maji yenye uchachu kidogo, ilhali maji mengi ya visima vyenye floraidi huelekea upande wa magadi.

Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilishikilia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hupatikana kwa urahisi zaidi.

Malighafi ya alumini hata hivyo ipo nchini. Bauksiti ya Magamba, wilayani Lushoto, ina haidroksidi za alumini pamoja na oksidi za chuma, ambazo nazo hunasa floraidi. Watafiti wameijaribu kwa kazi hiyo, na swali kubwa kwao ni lilelile la tanuri: ichomwe kwa joto gani.