Makro ya karani ni mali ya nani?

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nilipokea barua ya mzee mmoja, mhasibu mstaafu. Anasema mwaka 1991 alitunga kwa mkono wake makro ya kukokotoa mishahara na makato katika programu iitwayo Lotus 1-2-3. Baadaye ofisi yake ilihamia Excel, na makro ile ikaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hivi karibuni ameitwa tena ofisini, maana kuna wafanyakazi wa zamani wanaodai mafao yao na hesabu zao zimo ndani ya lile faili. Kompyuta mpya imelikataa kata kata. Mzee anauliza: kazi nimeifanya mimi, kwa nini iwe na ruhusa ya mtu mwingine?

Swali hilo si jepesi hata kidogo. Liliwahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, na majaji wakashindwa kulikata.

Kwa wasioijua lahajedwali, hiyo ni karatasi ya hesabu yenye mistari na safu ndani ya kompyuta. Ukibadili tarakimu moja, jumla zote zinajirekebisha zenyewe. Iliyotangulia kupata umaarufu ni VisiCalc ya mwaka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston. Januari 1983 ikaingia sokoni Lotus 1-2-3, iliyoandikwa na Jonathan Sachs katika kampuni ya Mitch Kapor. Hiyo ndiyo iliyowapa makarani makro.

Na makro yenyewe ilikuwa nini? Haikuwa lugha ya wataalamu, la hasha. Ilikuwa ni orodha ya vitufe ambavyo karani angevibonyeza kwa kidole chake, vimeandikwa kama maneno ya kawaida ndani ya karatasi ile ile ya hesabu. Chukua mfano huu: /FS~R. Mkwaju unaita menyu, F inachagua faili, S inahifadhi, kiwimbi ni kitufe cha Enta cha kukubali jina lile lile, na R inaweka nakala mpya mahali pa ile ya zamani. Ukishaandika hivyo unakipa chumba hicho jina la mkwaju wa kinyume na herufi moja, tuseme \A, kisha unabonyeza Alt pamoja na A. Kazi ya nusu saa inakwisha wewe unakunywa chai.

Sasa tazama mtego wake. Makro haijui maana ya kuhifadhi. Inajua herufi tu. Kila kitu kinategemea neno gani liko wapi kwenye menyu, na menyu za Lotus zilikuwa na amri 469, zimepangwa katika menyu kubwa na ndogo zaidi ya 50. Anayekuletea programu nyingine yenye mpangilio wake, hata ikiwa bora na rahisi mara mbili, amekuletea msiba: makro zako zote zinageuka takataka, au, vibaya zaidi, zinafanya jambo ambalo hukulikusudia.

Kampuni ya Borland ya Philippe Kahn iliuona mtego huo. Programu yake ya Quattro Pro ya mwaka 1989 ilikuwa na menyu zake yenyewe, lakini mtumiaji aliyetaka aliweza kuifanya ionyeshe menyu kwa maneno na mpangilio wa Lotus, ili makro zake za zamani zifanye kazi. Borland haikunakili maandishi ya ndani ya programu ya Lotus. Ilichukua yale maneno na mpangilio wake tu.

Julai 1990 Lotus ikaishtaki Borland, siku chache baada ya Jaji Robert Keeton wa Boston kuipa Lotus ushindi dhidi ya kampuni nyingine, Paperback Software. Mwaka 1992 Jaji huyo huyo akaamua kwamba Borland imevunja hatimiliki. Borland ikaiondoa ile menyu, ikabakiza kifaa kidogo cha kusomea makro za Lotus. Mwaka 1993 Jaji Keeton akasema hata hicho ni kosa. Kwa maneno mengine, ndugu wasikilizaji, makro umeitunga wewe, lakini mwingine akitengeneza chombo cha kuisomea anashitakiwa! Nakiri kwamba hapo hasira hunipanda hadi leo.

Machi 1995 Mahakama ya Rufaa iliupindua uamuzi huo. Ilisema menyu ni njia ya kuendeshea mashine, kama vitufe vya deki ya video, na njia ya kuendeshea kitu haina hatimiliki. Jaji Michael Boudin aliongeza maoni yake kwamba hakuna sababu ya watu waliojifunza menyu ile na kutunga makro zao kubaki mateka wa Lotus. Shauri likapanda juu zaidi. Januari 1996 Mahakama ya Juu ikagawanyika wanne kwa wanne, kwa kuwa Jaji Stevens hakushiriki. Kura zikilingana, hukumu ya chini inabaki, lakini haiwi kanuni kwa nchi nzima. Mwaka 2021, katika kesi ya Google na Oracle, Mahakama hiyo ilipata nafasi nyingine ya kujibu swali la aina hiyo hiyo, ikalikwepa na kuamua kwa hoja tofauti.

Na wagombanaji? Borland ilishaiuza Quattro Pro kwa Novell mwaka 1994, na Lotus yenyewe ilinunuliwa na IBM mwaka 1995 kwa dola bilioni 3.5. Kesi ikaisha shamba likiwa limeshabadili wenyewe.

Wakati wao wakivutana mahakamani, Microsoft iliwavuta wateja kwa Excel. Ilijua kwamba karani hahami bila mizigo yake, ikamfungulia mlango: Excel za miaka ile zilifungua mafaili ya Lotus na hata kuendesha makro zake. Ilirithi hadi kosa la Lotus la kuuhesabu mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu, kwa makusudi, ili tarehe zilingane. Kosa hilo bado limo. Lakini tangu mwaka 1993 Excel ilikuwa na lugha mpya ya makro, VBA, na wateja walipokwisha kuhamia, ukarimu ukapungua. Toleo la mwaka 2007 likaacha kufungua mafaili ya Lotus. IBM nayo ikaacha kuihudumia Lotus 1-2-3 mwaka 2014. Hapo ndipo faili la mzee wetu lilipokwama.

Mzee, usikate tamaa. Nenda na nakala, si disketi yenyewe, kwa kijana mwenye programu ya LibreOffice, ambayo ni ya bure na inajua kufungua mafaili ya ukoo huo. Tarakimu na kanuni za hesabu utazikuta. Makro haitakimbia, lakini kwa kuwa uliiandika kama maneno itaonekana, labda pembeni mwa hesabu zenyewe kama tulivyozoea kuziweka. Keti na karatasi uisome herufi kwa herufi, uandike kila moja ilikuwa ikifanya nini, na kabla ya kumlipa mtu yeyote linganisha na hati za mishahara za zamani.